Shauriyao na Mtani Asiye na Picha

Paukwa!

Pakawa!

Ah, nani huyo ameitikia puani? Paukwa tena, na safari hii itikeni kama watu mlioshiba!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Shemeji, sukuma hiyo kuni ndani, moshi unaniingia machoni. Na wenye simu, zizimeni. Nimesema zizimeni, sikusema mzilaze kifudifudi mkadhani sioni mwanga wake. Kwa nini, mtajua wenyewe tukifika mbele.

Hapo zamani za kale, na asiniulize mtu ni kale gani hiyo yenye simu, maana kale ni yangu na naikata ninapotaka, paliondokea mwanamke mmoja katika kijiji cha Kisangeni, huko milimani kwenye ukungu. Jina lake Namsifu, binti Kirangi. Alikuwa mjane. Watoto wake walikuwa wameoa na kuolewa mbali, naye akabaki na shamba la tangawizi, nyumba ya vyumba viwili, na mbwa.

Mbwa yule aliitwa Shauriyao. Mume wa Namsifu alipofariki, majirani walisema mwanamke hawezi kukaa peke yake kule juu, nguruwe pori watamlia shamba lote. Namsifu hakubishana nao. Alikwenda akatafuta mtoto wa mbwa, akamtia kwenye kikapu, akapita naye katikati ya kijiji, na kila aliyemuuliza mbwa huyo anaitwaje akamjibu, "Shauriyao." Basi wakanyamaza.

Mbwa akakua. Na sauti aliyokuwa nayo, jamani! Akibweka ukingoni mwa shamba nguruwe pori wanageuza njia, na mbwa wa ng'ambo ya mlima wanamwitikia. Na maneno alikuwa nayo pia, maana zamani hizo mbwa walikuwa bado wanaongea na watu wao. "Mama, mvua inakuja." "Mama, nyama hiyo ni ya nani?" "Mama, nimekaa hapa tangu asubuhi na hakuna aliyeniuliza nimeamkaje." Namsifu anacheka mpaka anashika mbavu. Alimpenda mbwa yule kupita kiasi, na hakuona haya kusema hivyo mbele ya watu.

Sasa binti yake aliyekuwa mjini akamwingiza kwenye kundi moja la simu. Kundi hilo liliitwa Mbwa Wetu Waseme. Mlikuwa na watu wa kila mahali, hakuna aliyewahi kumwona mwenzake uso kwa uso. Na lilikuwa na desturi yake: humo binadamu haongei, anayeongea ni mbwa. Ukiingia unaweka picha, unajitambulisha kwa jina la mbwa wako na kwa maneno ya mbwa wako, na wenzako wanakukaribisha kwa kubweka. Mchezo tu wa watu wazima wenye bando la kumaliza.

Asubuhi moja Namsifu akapanda kwenye lile jiwe lililo nyuma ya migomba, maana nyumbani kote hakukuwa na mtandao ila pale. Mbwa akamfuata.

"Mama, unaandika nini?"

"Nakutambulisha kwa wenzako."

"Wenzangu wako wapi?"

"Wamo humu."

Shauriyao akainua pua, akainusa simu upande mmoja, akainusa upande wa pili, akarudi nyuma hatua mbili.

"Humu hamna harufu ya mbwa," akasema. "Hamna harufu ya mtu pia. Mama, mimi mtu nisiyemnusa simwambii jina langu."

"Ndiyo maana nakusemea mimi," Namsifu akamjibu, na akaandika huku anacheka peke yake. Aliandika hivi:

"Hamjambo wabwekaji wenzangu! Mimi naitwa Shauriyao. Nina umri wa miaka minne, miguu minne, na sikio moja na nusu, hilo nusu waulizeni nguruwe pori. Kazi yangu ni kulinda tangawizi, ingawa siili. Napenda mifupa, jua la asubuhi, na viatu vya wageni. Sipendi pikipiki na sipendi kuogeshwa. Nipokeeni!"

Akaweka na picha. Katika picha hiyo Namsifu alikuwa amechuchumaa, mkono mmoja umemkumbatia mbwa. Jua lilikuwa limempiga usoni, kwa hiyo jicho la kushoto lilikuwa limefumba, na tabasamu lilikuwa limeishia upande mmoja wa mdomo. Ikumbukeni picha hiyo.

Kundi likalipuka. Huyu anabweka, yule anabweka, karibu Shauriyao, karibu sikio nusu. Namsifu alifurahi, ningesema uongo nikisema hakufurahi. Mtu anayekaa peke yake kule juu, mara watu mia wanamwita karibu! Sasa katikati ya kelele ile likaingia neno moja la mtu asiye na picha. Pale kwenye picha palikuwa na weupe mtupu, kama ukungu.

"Karibu, mtani."

Namsifu akaandika, "Mtani wangu wa wapi wewe?"

"Wa ng'ambo."

Nyinyi utani mnaujua, lakini acheni niseme kwa ajili ya huyu mgeni aliyekuja na shemeji. Watu wa upande huu wa mlima na watu wa ng'ambo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakuja msibani kwako, anavaa kofia ya marehemu, anakaa kwenye kiti chake na kudai chai, nawe unacheka. Anabeba kuku uani kwako mchana kweupe, na wewe husemi kitu. Ukinuna, wewe ndiye mbaya. Lakini utani una mlango wake. Kabla hamjachezeana mnatajiana ukoo. Unamuuliza, wewe ni mtoto wa nani, babu yako alizikwa wapi, na akishakutajia ndipo unamwambia, haya mtani, chukua.

Namsifu hakuuliza. Aliona neno "ng'ambo" akadhani ni ng'ambo ya mlima, kwa wale wale waliozoeana. Akaandika, "Haya mtani, mimi ndiye Shauriyao. Chukua utakacho!"

"Asante," yule akaandika. "Nina maswali matatu. Leo nauliza moja. Nimeliona jina lako, lakini nataka unitajie mimi. Unaitwa nani?"

"Shauriyao," akajibu Namsifu.

Mbwa aliyekuwa amelala chini ya jiwe akaruka kama aliyekanyagwa mkia.

"Mama! Nani amenigusa jina?"

Namsifu akamwambia acha uoga. Akateremka, akashika jembe, akaenda shambani. Saa nne hivi akapita jirani yake Mbonea, mzee wa watu, mpole, anayejua kila mtu na ng'ombe wa kila mtu. Akasimama njiani akamtazama Namsifu kwa upendo, akapiga mluzi.

"Shauriyao! Mama yako yuko wapi leo?"

"Kaka Mbonea, umeanza kunywa mapema," Namsifu akasema.

Mbonea akacheka, akasema, "Mbwa huyu maneno yake!" Akatoa mfukoni kipande cha muhogo wa kuchoma, akamtupia Namsifu miguuni, akaenda zake.

Namsifu akabaki na jembe mkononi. Alijisemea ni mzaha. Akajisemea tena ni mzaha. Akajisemea mara ya tatu, na safari hii hakuamini, kwa sababu alikuwa ameinama na pua yake ilikuwa karibu kabisa na ule muhogo.

Mchana huo mbwa alimketisha chini, ndiyo, mbwa ndiye aliyemketisha.

"Mama, sikiliza. Umejitaja kwa jina langu mbele ya mtani usiyejua ukoo wake, na umemwambia chukua. Ameanza kuchukua. Ukishamwambia kwamba wewe ni mbwa wa nyumba hii, wa jina mpaka wa utii, basi nafasi ya mwenye nyumba itakuwa wazi, na yeye ndiye atakayeikalia. Usijibu la pili. La tatu ndiyo kabisa, ukilijibu hilo hurudi tena."

"Sijibu," akasema Namsifu.

Siku ya pili swali likaja. "Mtani, unalala wapi?"

Namsifu akanyamaza. Lakini lile kundi sasa! Nawaambia, watu mia wasioonana wanaweza kukusukuma kuliko watu kumi walio mbele yako. "Shauriyao, mtani anauliza!" "Umeogopa utani?" "Mbwa gani huyu ananuna?" Wote wanabweka, wote wanacheka. Na kwao Namsifu mtu anayenunia utani anaambiwa hata mvua itamruka. Akaona aibu. Akajiambia, nitajibu kwa mzaha, mzaha utalikata neno hili. Akaandika, "Nalala mlangoni juu ya gunia, na gunia lenyewe nalisifu kuliko godoro!"

"Nimesikia," mtani akaandika.

Baada ya chakula cha mchana Namsifu alihisi mwili mzito. Akaingia chumbani ajinyooshe. Kila alipolala upande huu, kitanda kinamchoma. Akalala upande ule, kinamchoma. Akalala chali, akasikia baridi inapanda mgongoni kama amelazwa juu ya maji. Akafumba macho kidogo tu.

Alipofumbua alikuwa mlangoni, amejikunja juu ya gunia, magoti kifuani. Na harufu! Alisikia harufu ya mvua iliyokuwa bado nyuma ya mlima. Alisikia tumbaku ya Mbonea kutoka mtoni. Alisikia harufu ya kila mguu uliopita njia ile tangu juzi. Mara pikipiki ikapita barabarani kule chini, na kabla hajajua anafanya nini Namsifu alikwishasimama, shingo imenyooka, anabweka. Alibweka mara tatu. Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Halafu akasikia, ndani, chumbani kwake, kitanda kinalia. Kililia vile kinavyolia mtu akijigeuza.

"Kuna nani humo?" akamnong'oneza mbwa.

"Hamna harufu ya mtu," mbwa akasema, na nywele za mgongo wake zilikuwa zimesimama zote.

Wakachungulia pamoja. Hapakuwa na mtu kitandani. Ila mto ulikuwa umebonyea katikati, na pale ulipobonyea palikuwa panaendelea kubonyea, polepole, kama kichwa kinatafuta mahali pazuri.

Namsifu akakimbilia jiweni. Akajitoa kwenye kundi. Simu ikamwambia umejitoa. Akashusha pumzi. Simu ikalia mkononi mwake, na ule weupe ulikuwa pale pale, katikati ya kioo, pasipo kundi lolote.

"Kesho la tatu, mtani."

Alilia, masikini. Aliiacha simu kwenye pipa la maji ikazama mpaka chini, akakaa kando ya pipa analia. Alilia kwa ajili ya jina lake alilopewa na baba yake. Alilia kwa ajili ya nyumba aliyoijenga na mumewe, tofali kwa tofali. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba kilio chenyewe kilianza vizuri na kila mara kikamalizikia juu, kirefu, kama cha mbwa. Shauriyao akaja akaweka kichwa mapajani pake.

Siku ya tatu ukungu ulishuka saa sita mchana. Si ule wa kawaida unaopanda kutoka bondeni. Huu ulishuka na njia ile watu wanayopita, ukapinda kona wanayopinda, ukasimama penye lango. Kuku wakaingia bandani wenyewe. Namsifu alikuwa mlangoni juu ya gunia. Alikuwa amejaribu kutoka hapo tangu alfajiri na miguu imekataa.

Kisha akaona watu wawili wanatokeza ukunguni. Mmoja alikuwa Mbonea. Wa pili alikuwa mwanamke aliyejifunga kitenge cha Namsifu, amebeba kikapu cha Namsifu, na mguu wake wa kushoto unatupwa nje kidogo anapotembea, vile vile Namsifu anavyotembea tangu alipoanguka kwenye mtaro. Mbonea anaongea naye, anacheka naye.

"Basi Namsifu, mimi nikufikishe hapa," anasema Mbonea. "Tangawizi ile usiichelewe kuiosha."

"Asante, kaka Mbonea," yule mwanamke akasema. Sauti ilikuwa ya Namsifu.

Akaja karibu. Na hapo Namsifu akamwona uso. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba. Tabasamu lilikuwa limeishia upande mmoja wa mdomo. Aliongea, na tabasamu halikusogea. Alikohoa, na jicho halikufumbuka. Na alipogeuza kichwa kumtazama kuku wa mwisho akiingia bandani, lo, uso ule haukuwa na ubavu! Ulikuwa mbele tu, kama picha, na nyuma yake ukungu.

"Hodi," akasema.

Akasogea hatua moja.

"Hodi," akasema.

Akavuka lango.

"Hodi," akasema, na sasa alikuwa amesimama juu ya Namsifu, na kivuli chake kilikuwa na baridi. "Mbwa mzuri. Mbwa wangu mzuri. Niambie mbele ya shahidi huyu ili tumalize. Unamtii nani?"

Magoti ya Namsifu yakakunjika yenyewe. Akajikuta amekaa kitako, mikono chini, shingo juu, anautazama uso ule. Alijua akisema jina lake ameliuza. Alijua. Lakini mdomo ulikuwa unafunguka, na ulimi ulikuwa umekwishalishika: "Na..." akasema. "Nam..."

"Mtani!"

Shauriyao alikuwa amesimama katikati yao. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, msidhani hakuogopa, mkia ulikuwa umeingia katikati ya miguu. Lakini alisimama.

"Mtani," akasema, "mzigo ulioubeba ni wa nyumba hii, na mimi ni wa nyumba hii. Utani hauendi upande mmoja. Wewe umeuliza matatu. Na mimi nina yangu matatu. Ukishindwa hata moja, unatua ulichobeba. Kaka Mbonea, si ndivyo ilivyo?"

Mbonea alikuwa amesimama langoni hajui anaangalia nini, lakini mambo ya utani aliyajua. "Ndivyo ilivyo," akasema. "Mtani akishindwa, anatua."

Ule uso ukatabasamu, maana haukuwa na la kufanya zaidi ya kutabasamu. "Uliza, mbwa."

"Unaitwa nani?"

"Namsifu, binti Kirangi."

"Unalala wapi?"

"Kitandani, upande wa ukutani, mto mmoja kichwani na mmoja miguuni."

Namsifu alilia kwa ndani. Yote yalikuwa kweli, hata mto wa miguuni.

"Unamtii nani?"

Yule akacheka. Alicheka kwa sauti ya Namsifu, ile ya kushika mbavu, lakini mbavu hazikutikisika. "Mimi ndiye mwenye nyumba," akasema. "Mjane asiye na mume wala bwana shamba. Mimi simtii mtu."

"Umekosea," mbwa akasema. "Nikikwaruza mlango alfajiri, ni nani anaamka kunifungulia? Namsifu. Nikisimama njiani nisitake kwenda sokoni, ni nani anarudi nyumbani na kikapu kitupu? Namsifu. Nyama ikiiva sufuriani, nikaitazama tu, ni nani anakula ugali na mchuzi mtupu? Namsifu huyu ananitii mimi, na kijiji kizima kinajua. Wewe hujui kwa sababu kwenye picha utii huo hauonekani."

Hapo Mbonea akaangua kicheko. Hakuweza kujizuia. "Ni kweli!" akasema. "Namsifu hamsikilizi mchungaji, hamsikilizi mwenyekiti wa kijiji, lakini mbwa yule akikohoa tu yeye huyo mbio! Siku ile ya harusi ya mwanangu si aliondoka kabla ya pilau kwa sababu mbwa..." Kwa kumkumbuka Namsifu mwenyewe, macho yake yalifunguka. Akamtazama yule aliyemsindikiza njia nzima, akamwona ubavuni. Mzee wa watu akashika nguzo ya lango asianguke.

"Tua," mbwa akasema.

Yule akatua. Kitenge kikaanguka chini, ndani yake hamna kitu. Kikapu kikaanguka. Uso ukabanduka ukaenda na upepo kama jani la mgomba lililokauka. Namsifu akasikia jina lake linamrudia kifuani, joto, na magoti yake yakanyooka. "Mimi Namsifu," akasema kwa sauti. "Mimi Namsifu, mimi Namsifu!"

Lakini ukungu ulikuwa bado pale. Haukuwa na uso sasa, wala mikono, na bado uliongea.

"Nimetua," ukasema. "Lakini mtani harudi kwao mikono mitupu. Hilo nalo ndivyo lilivyo."

Mbonea akaangalia chini. "Ndivyo lilivyo," akasema kwa shida. "Mtani anapewa kitu cha kuondokea."

"Nyumba hii ina viwili," ukungu ukasema. "Yeye, au kitu chako wewe mbwa."

"Mchukue kuku!" Namsifu akapiga kelele. "Chukua kuku wote! Chukua shamba, chukua tangawizi yote iliyo ardhini!"

"Mama," mbwa akasema. "Nyamaza kidogo. Mimi nimekaa mlangoni kwako miaka minne, sikuwahi kukupa kitu ila kelele. Acha leo nikupe." Akageukia ukungu. "Chukua sauti yangu. Ya kubweka na ya kuongea. Ni kwa sauti hiyo mama alijitambulisha humo simuni, ndiyo iliyokuvutia kuja hapa."

"Mwanangu, usi..." Namsifu akasema.

Ukungu ukamzunguka mbwa mara moja, ukamzunguka mara mbili, ukamzunguka mara tatu, kisha ukaondoka kwa njia ile ile uliyoijia. Jua likatoka. Mbwa alikuwa amesimama pale pale, mzima, na lile sikio lake nusu. Akafungua kinywa kumwambia mama yake kitu. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, shingo ikimkaza. Hakikutoka.

Na kule juu, ndani ya ukungu uliokuwa unavuka mlima, wakasikia sauti ya Shauriyao. Inabweka kwa furaha, ile ile, nzuri, ikienda mbali. Mbwa wa ng'ambo wakaiitikia mmoja mmoja, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja.

Namsifu alimkumbatia mbwa wake siku ile mpaka jua likazama. Akamwambia maneno yote ambayo mtu anamwambia mwanawe. Mbwa anamsikiliza, anamlamba machozi, lakini jibu hakuna.

Haikupita wiki, nguruwe pori wakajua. Mnyama yule ana akili, akikaa siku tatu hajasikia mbwa, anasogea. Wakaingia shambani mchana, wakafukua mistari miwili ya tangawizi. Shauriyao alikimbia huku na huku, anafungua kinywa, anafunga kinywa, na nguruwe wanamtazama tu. Mbonea akaja kumwambia Namsifu kwa upole, dada yangu, nina jike langu limezaa, chukua mmoja mwenye sauti, huyu mpumzishe. Mbwa bubu ni wa kazi gani shambani?

Namsifu alimtazama Mbonea. Kisha akamtazama mbwa, aliyekuwa amesimama ukingoni mwa shamba, nywele za mgongo zimesimama, amegeuza kichwa anamtazama yeye. Akaweka jembe chini. Akaenda akasimama kando yake, bega kwa bega, akanyoosha shingo.

Akabweka.

Alibweka kwa kifua chote, mwanamke mtu mzima na kitambaa chake kichwani, mbele ya jirani, mchana kweupe. Nguruwe pori wakageuza mikia wakatimua. Shauriyao akatikisa mkia mpaka kiuno kizima kikatikisika. Mbonea akavua kofia, akaenda zake bila kusema tena habari za mbwa mwingine.

Mpaka leo, ukipita Kisangeni ukasikia mbwa anabweka kule juu penye tangawizi, usipige mluzi. Simama njiani, sema shikamoo, na umtaje kwa jina: Namsifu, binti Kirangi. Kama ni yeye atanyamaza na kukuitikia marahaba. Sauti ikiendelea kubweka, basi ni ile iliyokwenda na ukungu; rudi ulikotoka, wala usikimbie, tembea tu.

Hadithi yangu imekomea hapo, mimi nimeitua, nanyi ibebeni. Shemeji, funika moto.